Mbawakawa wawili wa samadi

Leo nimeinamia darubini hadi shingo ikauma, na nimefurahi mno! Mezani ninao mbawakawa wa samadi kutoka Ulaya: Onthophagus vacca, aliyepewa jina na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1767, na mwenzake Onthophagus medius, aliyepewa jina na mtaalamu Kugelann mwaka 1792. Wote mabawa ya juu ni ya kahawia yenye madoa meusi, na madume wana pembe fupi iliyosimama kisogoni. Ukiwatazama haraka utasema ni mmoja tu. Ndivyo walivyohesabiwa miaka mingi, hadi watafiti walipolinganisha maumbile na DNA, wakawatenganisha mwaka 2010. Spishi "mpya", lakini jina jipya halikuhitajika: jina la Kugelann, medius, lilikuwapo tayari, na kwa kanuni za majina ya wanyama, lililotangulia ndilo lenye haki. Jamani, makabati ya makumbusho, yanayohifadhi wadudu wa zamani, yatunzwe!