Shati la Kusini huharibikia kwenye beseni

Mashati meupe mengi ya Mtwara na Lindi yanachakaa kabla ya wakati wake, na chanzo kikubwa ni maji. Visima vingi vya ukanda wa pwani, kuanzia Mikindani kupanda hadi Kilwa, vina maji magumu au ya chumvichumvi, kwa kuwa mwamba wa chini ni wa matumbawe na bahari iko jirani. Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo haitoi povu la maana. Inatengeneza utando mweupe unaonata kwenye nyuzi za kitambaa. Shati linatoka beseni likionekana safi, lakini kila likifuliwa utando unaongezeka, na baada ya miezi michache limekuwa rangi ya maji ya mchele. Mtu analaumu kitambaa, anakwenda kununua jingine.

Chumvi nayo ina ubaya wake. Ikibaki kwenye nguo inavuta unyevu wa hewani, na hewa ya pwani haijawahi kukosa unyevu. Ndiyo maana kuna nguo zimeanikwa kutwa nzima, ukizivaa shingoni bado zina ubaridi, na ikifika mchana zinatoa harufu ya uvundo hata kama mwenyewe ameoga vizuri.

Dawa yake haina gharama. Fua kwa sabuni ya unga, kwa sababu inavumilia maji magumu kuliko mche. Mche tumia kusugulia madoa tu. Suuza mara mbili, na kwenye maji ya pili tia siki nyeupe, nusu kikombe cha chai kwa ndoo ya lita 10. Siki inaondoa ule utando wa sabuni, na harufu yake inaisha nguo ikikauka. Msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, kinga maji ya paa uyatumie kusuuzia nguo nyeupe pekee. Maji ya mvua ya kwanza yaache yamwagike, maana yanashusha vumbi lote lililolala kwenye bati tangu kiangazi.

Sasa kola. Uchafu wa kola ni mafuta zaidi kuliko vumbi: jasho, mafuta ya ngozi, mafuta ya nazi tuliyojipaka asubuhi. Mafuta hayatoki kwa kuloweka tu. Kabla shati halijagusa maji, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye mstari wa kola na ncha za mikono, iache dakika 15 hadi 20, kisha sugua kwa mswaki wa zamani wenye nywele laini. Brashi ya kusugulia sakafu inatoa uchafu, lakini inakula nyuzi, na kola iliyoota manyoya hairudi. Njia hiyohiyo inafaa kwa ukingo wa hijabu unaogusa uso, pale poda na mafuta yanapokutana.

Kwapa ni somo jingine. Ile njano inayogandia chini ya mkono inatokana na jasho likichanganyika na madini ya alumini yaliyomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Wengi wakiiona wanakimbilia jiki, na hapo ndipo wanapoharibu. Klorini ikikutana na mabaki ya jasho, njano inazidi kukolea, na kama shati lina poliesta ndani yake, klorini inaweza kulipiga njano lote. Maji ya kisima yakiwa na chuma, jiki inageuza kile chuma kuwa madoa ya kutu. Loweka kwapa kwenye siki sehemu moja na maji sehemu mbili kwa nusu saa, sugua taratibu, ndipo ufue kama kawaida. Doa likikaidi, rudia kabla ya kupiga pasi, maana joto la pasi linalikaza. Na siki na jiki visikutane kamwe kwenye beseni moja: vinatoa gesi inayounguza mapafu. Doa la kutu lenyewe linaondoka kwa ndimu na chumvi ukiliweka juani, kisha ukasuuza.

Bluu ya kung'arisha nguo nyeupe bado ina kazi yake, ila itiwe kwa adabu. Ifunge kwenye kipande cha kitambaa, ichovye kwenye maji baridi mpaka maji yawe na rangi ya anga hafifu, uyakoroge, ndipo uingize shati lililokwisha kusuuzwa, ulitoe bila kulilaza humo. Kumimina unga wa bluu juu ya nguo ndiko kunakoleta yale mabaka ambayo watu wanaenda nayo msikitini Ijumaa.

Mikoa yetu ina madoa yake ambayo mtu wa Dodoma hayajui. La kwanza ni la bibo, tunda la mkorosho. Maji ya bibo yakidondokea nguo hayaonekani sana, halafu yanageuka kahawia kadiri saa zinavyokwenda. Usiyapeleke moja kwa moja kwenye sabuni ya mche, kwa kuwa doa la namna hii hukazwa na sabuni ya aina hiyo. Mwagia maji baridi papo hapo kwa wingi, kamulia ndimu au paka siki, acha dakika 10, ndipo utie sabuni ya unga. Likikauka siku mbili, litafifia lakini kulitoa lote ni bahati. Kwa hiyo msimu wa korosho nguo ya kwenda shambani iwe ya shambani, hata kama unapita tu kusalimia.

La pili ni salfa. Kati ya Juni na Agosti, mikorosho inapopigwa dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga wa njano unasafiri na upepo mpaka kwenye kamba za kuanikia. Salfa haiyeyuki katika maji. Ukiiloweka inazama kwenye kitambaa, na ngozi itawasha siku nzima. Kung'uta nguo ikiwa kavu, ipige brashi nje ya nyumba, halafu ufue. Vumbi jekundu la barabara za Newala na Tandahimba nalo kanuni ni hiyohiyo: likauke, lipigwe brashi, ndipo lione maji. Mwenye buibui ajue kwamba pindo la chini ndilo linalomsema. Kulifuta kwa kitambaa kibichi ukiwa njiani kunaligeuza vumbi kuwa tope.

Kwa wanaobangua korosho nyumbani, nguo ni shida ndogo kuliko mikono. Mafuta ya ganda yanaunguza, yanachubua na kuacha weusi kwenye vidole kwa wiki kadhaa. Paka mikono mafuta ya nazi au ya nyonyo, kisha ivurugie kwenye majivu kabla ya kuanza, na urudie kila yanapokwisha. Ukimaliza, osha kwa sabuni, usijishike usoni kabla. Weusi ukishaingia, kuusugua kwa jiwe au jiki kunaongeza kidonda tu. Unaondoka wenyewe ngozi inapojivua.

Wanga ndio unaotofautisha kanzu iliyokaa na kanzu iliyolala, na huku muhogo uko mlangoni. Usitumie unga wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa. Una harufu, na una nyuzinyuzi zitakazokuachia vipele vyeupe kwenye kitambaa. Chukua muhogo mmoja mbichi usio mchungu, umenye, ukune, changanya na maji, kamua kwa kitambaa safi. Yaache yale maji yatuame saa moja au mbili, mwaga ya juu, na ule weupe uliobaki chini ndio wanga. Kijiko kimoja cha chakula kikoroge kwenye nusu kikombe cha maji baridi, kisha mimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga mpaka yang'ae kama ute. Chuja, ongeza lita mbili za maji baridi. Hapo panatosha kanzu moja na mashati mawili. Ukitia wanga kwenye maji ya moto moja kwa moja unapata mabonge, na bonge likishika kwenye kola, pasi italiunguza kahawia.

Wanga unashika pamba. Poliesta haiutaki, na nguo nyeusi itautangaza kwa unga mweupe kwenye mishono. Wala usihifadhi nguo yenye wanga kabatini msimu wote. Mende wanaupenda, na kwa unyevu wetu ukungu unaupenda zaidi. Kofia ya kushonwa kwa mkono ifuliwe kwa vidole, bila kuikamua kwa kuisokota, itiwe wanga mzito kidogo, ikaushwe ikiwa imevikwa kwenye kopo au bakuli lenye ukubwa wa kichwa chako. Ukiianika kwenye kamba kwa kibanio, itabaki na alama ya kibanio.

Pasi ipigwe usiku. Umeme ukikatika alfajiri, pasi ya umeme inakuwa chuma tu, na asubuhi unatoka na mikunjo au unachelewa kazini. Nguo iwe na unyevu kidogo, si kavu kabisa. Anza na kola upande wa ndani, toka kwenye ncha kuja katikati. Ukianzia katikati kwenda nje, mkunjo unasukumwa mpaka kwenye ncha na kubaki pale, mahali hasa anapotazama anayezungumza nawe. Fuata bega la nyuma, ncha za mikono, mikono yenyewe, upande wa vifungo, mgongo mwishoni. Ukimaliza, tundika kwenye henga angalau robo saa. Nguo ikivaliwa ingali moto inashika mikunjo ya kiti cha bajaji mara moja.

Anayetumia pasi ya mkaa ajaze theluthi mbili tu, asubiri mkaa uwe mwekundu bila mwali wala moshi, na aipulizie mbali na nguo. Futa kitako chake kwa kitambaa kibichi, kisha ipitishe kwanza kwenye khanga kuukuu. Majivu yakidondoka kwenye shati, yapulize au yakung'ute. Ukiyafuta kwa kidole umeyachora. Buibui na suruali za poliesta zipigwe upande wa ndani, pasi ya wastani, la sivyo zinapata mng'ao wa mafuta ambao hautoki tena. Kitambaa kimeshayeyuka kidogo.

Harufu. Marashi juu ya jasho ni jasho lenye marashi. Dawa ya kuzuia jasho hufanya kazi vizuri zaidi ikipakwa usiku kwenye ngozi kavu, kwa sababu inahitaji kutulia kabla jasho halijaanza. Shabu, lile jiwe linalong'aa kama kioo, nayo inafaa: ilowanishe, ipitishe kwapani baada ya kuoga, acha ikauke ndipo uvae. Poliesta inashika harufu kuliko pamba, kwa hiyo fulana ya ndani ya pamba chini ya shati la mchanganyiko ni akiba, hata kama inaongeza joto kidogo. Udi ufukizwe kwenye nguo iliyokwisha pigwa pasi, chetezo kiwe chini na nguo juu kwa umbali wa mkono, dakika tano zinatosha. Ukifukiza nguo yenye uvundo, unapata uvundo wenye udi.

Mafuta ya nazi yapakwe mwili ukiwa bado na unyevu wa maji ya kuoga. Yanahitajika kidogo, na kinachobaki juu kifutwe kwa taulo kabla ya kuvaa, hasa shingoni. Visigino na viwiko visisahaulike. Ndevu zinazoota vipele zisinyolewe kwa kurudi nyuma. Fuata zinakoelekea, kwa wembe wenye makali mamoja, au acha kinyozi akupunguzie kwa mashine uzibakize fupi. Mwambie aifute mashine kwa spiriti mbele yako. Kinyozi mzuri haoni kuwa umemtukana.

Viatu vya ngozi adui yake ni ukungu kuliko vumbi. Ukiona unga wa kijani au mweupe, futa kwa siki na maji nusu kwa nusu, kausha kivulini mahali penye upepo. Jua la Mtwara linapasua ngozi. Kilicholowa mvua kijazwe magazeti, yabadilishwe yakilowana. Kiwi kipakwe chembamba juu ya ngozi iliyopigwa brashi: ukipaka juu ya vumbi unatengeneza tope jeusi linalohamia kwenye pindo la suruali. Subiri dakika tano, piga brashi, malizia na kitambaa laini chenye tone moja la maji. Soli iliyolika upande mmoja ipelekwe kwa fundi mapema, kwa sababu inakupindisha mwendo na kiwi hakifichi hilo.

Mwisho ni mtumba. Shati lijaribiwe kwa kuangalia mshono wa bega. Ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Fundi cherehani anaweza kupunguza kiuno, urefu na hata mikono kwa kazi ya muda mfupi, lakini kurudisha bega ni kulifumua shati zima, na wengi hawalirudishi likakaa. Kola ikichanika kwenye mkunjo huku shati lenyewe likiwa zima, usilitupe. Mwambie fundi aifumue kola kwa wembe, aigeuze upande wa chini uwe juu, aishone palepale.