Tarakimu moja ya pH ni mara kumi

Wiki yangu ya kwanza maabara nilipima sampuli iliyotakiwa kuwa na pH 4, ikasoma 5. (pH ni kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, ukali unapanda.) Nikaandika kwenye daftari: "tofauti ndogo." Fundi mkuu wa maabara, mzee aliyebakiza miaka michache kustaafu, alisoma akanyamaza. Kisha akaniwekea mezani neli tano za kioo, pipeti, na asidi ya haidrokloriki aliyokwisha kuizimua mwenyewe hadi pH 1.

"Hiyo ndiyo neli ya kwanza, mwanangu. Chota mililita moja, ongeza maji yaliyokenekwa hadi zitimie kumi, upime. Halafu chota mililita moja ya hiyo uliyopata, ufanye vilevile."

Neli ya pili ikasoma 2. Ya tatu 3, ya nne 4, ya tano 5. Akaniuliza: ile mililita ya kwanza, ukitaka kuifikisha hapa pa mwisho kwa mkupuo mmoja, utahitaji maji kiasi gani? Nikapiga hesabu pembeni mwa ukurasa. Lita kumi. Mililita moja ya asidi kwa ndoo nzima ya maji, na kwenye kipimo nimesogea tarakimu nne tu. (Ya sita hatukuigusa. Ukizimua kufikia hapo, kabonidayoksaidi ya hewani huyeyuka majini na kutengeneza asidi yake yenyewe, ukabaki unapima hewa badala ya kazi yako.) Neno "ndogo" nikalikata kwa mstari mmoja, kama daftari la maabara linavyosahihishwa, na mpaka leo linasomeka.

Kipimo hiki alikitunga mkemia wa Denmaki, Søren Sørensen, mwaka 1909, akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen, maabara iliyozaliwa na kiwanda cha bia. Alikuwa anachunguza vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia katika viumbe, na mwendo wa kimeng'enya hutegemea sana wingi wa ioni za haidrojeni zinazokizunguka, zile zinazoifanya asidi iwe asidi. Wingi wenyewe ulikuwa wa kuchosha kuuandika: mole 0.0000001 kwa lita, mole 0.00001 kwa lita. Akaamua kuhesabu nafasi baada ya nukta: akaandika 7, akaandika 5. Namshukuru kwa hilo kila siku ya kazi. Lakini watu wamerithi ufupisho bila kurithi kilichofupishwa, na hapo ndipo makosa yanapoingia.

Nilikuja kufanya kazi kwenye matangi ya asidi ya sitriki. Zamani asidi hii ilikamuliwa kutoka kwenye malimau, hasa ya Italia. Mwaka 1917 mkemia James Currie, huko Marekani, akaonyesha kwamba kuvu iitwayo Aspergillus niger, ikilishwa sukari kwenye mmumunyo mkali wa asidi, hutoa asidi ya sitriki kwa wingi. Leo sehemu kubwa kabisa ya asidi hiyo duniani hutoka kwa kuvu hii. Cha ajabu ni jinsi inavyochagua. Iweke kwenye pH 2 na kitu, itakupa sitriki. Kuvu ileile na sukari ileile, ukiipandishia pH hadi 5 au 6, itakupa asidi ya oksaliki na ya glukoniki, kwa kuwa vimeng'enya vinavyozitengeneza sasa vimepata mazingira yao. Na si asidi peke yake inayoamua. Manganizi mikrogramu chache tu kwa lita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukifikiria, hupunguza mavuno ya tangi zima.

Usiku mmoja tuliharibu tangi. Elektrodi, kile kijiti kinachosoma pH ndani ya tangi, ilikuwa imechoka, na zamu mbili zilikuwa zimepita bila mtu kuihakiki kwenye mimumunyo ya pH 4 na 7 inayojulikana. Skrini ikasema 2.5. Mtambo, ukiamini asidi imezidi, ukawa unadondosha alkali, inayoua ukali wa asidi, pole pole, na skrini haikusogea. Nilipochota sampuli kwa mkono na kuipima kwa kifaa kingine, nikapata karibu 4. Mwenzangu wa zamu akasema ni moja na nusu tu. Moja na nusu ni zaidi ya mara thelathini! Nikamweleza habari za neli tano palepale kando ya tangi, saa tisa usiku, wala sikumlaumu, kwa kuwa nami niliwahi kuandika vivyo hivyo.

Tumbo la binadamu lenyewe ni tangi la namna hii, na lina udhibiti bora kuliko wetu. Seli za ukuta wake husukuma ioni za haidrojeni nje hadi pH ifike karibu 2 au chini ya hapo, wakati damu inayozilisha seli hizohizo ni 7.4. Tofauti hiyo, iliyotenganishwa na ukuta mwembamba na ute wenye bikaboneti inayotuliza asidi, inapita mara 100,000. Pepsini inayovunja protini inafanya kazi vizuri humo humo kwenye ukali. Chakula kikishuka kwenye utumbo mwembamba, kongosho humwaga bikaboneti, pH inapanda, pepsini inakoma na vimeng'enya vingine vinashika zamu.

Damu ndiyo haina nafasi ya kuyumba. Yake ni 7.35 hadi 7.45, basi.

Hili nililijua kwa miaka, lakini nililielewa siku mama mdogo alipolazwa. Kisukari chake kilikuwa kimeachiwa siku kadhaa bila insulini. Mwili ukikosa insulini huchoma mafuta na kutoa asidi za ketoni, nazo hurundikana kwenye damu. Tulimkuta anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu, nzito, kama aliyetoka kukimbia, na amelala chali. Nikahesabu: 34 kwa dakika. Ndugu wakadhani ni mapafu. Mapafu yalikuwa mazima, na ndiyo yaliyokuwa yanampigania: kila pumzi ilitoa kabonidayoksaidi, na kila kabonidayoksaidi inayotoka huipunguzia damu asidi.

Karatasi ya majibu iliandikwa pH 7.1. Binamu yangu akauliza kwa sauti ya matumaini, "Si inakaribia 7.4?"

Sikujua nimjibu nini mbele ya mgonjwa. Kati ya 7.4 na 7.1 ioni za haidrojeni huongezeka mara mbili. Ikishuka hadi karibu 6.8, ni wachache wanaopona. Nikamshika mkono, nikamwambia dripu na insulini zimeshaanza, tusubiri.

Kila walipochukua damu niliomba kuona namba. 7.18. 7.24. Ile ya asubuhi ya pili ilikuwa 7.36. Niliporudi kitandani mama mdogo alikuwa amelala kwa ubavu, na ilinibidi niinamie kifua chake kwa muda ili nijue kwamba anapumua.