Nilivyouguza mtulinga wangu na kurudi kwenye mteremko

Watu wa hapa Newala wakinikuta njiani na baiskeli siku hizi hutazama bega la kushoto kwanza, uso baadaye. Wengine huuliza wazi, "Hivi umepona kweli wewe?" Nawajibu nimepona, nao hawaamini, maana mtulinga wangu, mfupa ule unaotoka chini ya koo kwenda begani, umebaki na kinundu kinachoonekana hata nikivaa fulana. Ni mfupa mpya uliojijenga pale palipovunjika, na mtu mzima hukaa nacho tu. Sina ugomvi nacho.

Naandika kwa sababu vijana wanaoendesha baiskeli za gia huku kusini wanazidi kuongezeka, Masasi, Tandahimba mpaka Mtwara mjini, na wanaovunjika nao wanaongezeka. Kwa sisi wa mteremko, mtulinga ndio mfupa wa kwanza kuufikiria. Ukirushwa juu ya usukani unatua kwa bega au kwa kiganja, na kishindo chote kinapita hapo kabla hakijafika kifuani.

Mimi si mwanamichezo wa kulipwa. Ni karani wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Msimu wa korosho nakaa kwenye mizani na daftari, nje ya msimu nalima na kuendesha. Baiskeli yangu ni mtumba kutoka Ulaya, fremu ya alumini, shokapu mbele tu, breki za diski za kuvutwa na waya. Mji wetu umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote, na Msumbiji ng'ambo. Kwa mwenye baiskeli hiyo maana yake ni moja: huku juu ni mchanga na mikorosho, tambarare, unakanyaga mpaka unachoka na uzuri wake, halafu ardhi inakatika. Njia za kushukia ni zile walizopita bibi zetu kufuata maji bondeni, kabla mabomba hayajafika. Nyembamba, zina mawe na mizizi, na kila masika maji ya mvua huzichimba upya.

Mashindano niliyovunjikia waliandaa vijana, mwezi wa nane, wakati mvua zimeshasahaulika na mchanga umekauka kabisa. Saa ilikuwa ya simu, matokeo yaliandikwa kwenye daftari la shule, na zawadi ya kwanza ilikuwa mbuzi aliyefungwa mahali pa kumalizia, tumwone wote. Nilikuwa kundi la mbele. Katikati ya mteremko, kijana aliyenitangulia alipasukiwa tairi la mbele, akalala yeye na baiskeli yake kuvuka njia. Kulia kulikuwa na ukuta wa udongo, kushoto bonde. Nikafunga breki, gurudumu likazama kwenye mfereji uliojaa mchanga, mimi nikaendelea peke yangu.

Maumivu hayakuja mwanzoni. Nilichosikia ni mlio, kama kijiti kikavu cha muhogo kinapovunjwa kwa goti. Nilipokaa niliona bega la kushoto limeshuka, na bila kufundishwa na mtu nilikuwa nimeushika mkono huo kwa mkono wa kulia, sithubutu kuuachia.

Bibi mmoja aliyekuwa anapanda na kuni alitua mzigo wake. "Mjukuu wangu, usiushushe huo mkono. Ushike hivyo hivyo." Akavua kanga yake ya juu, ya nakshi zile za korosho pembeni, akaikunja pembe tatu, akaipitisha chini ya kiwiko na kuifunga shingoni, fundo upande wa bega zima, kiganja kimeinuka kidogo kuliko kiwiko. Alipomaliza alijitwisha kuni zake akaendelea kupanda. Hospitali, muuguzi aliitazama ile kanga akasema imefungwa vizuri, akaiacha mpaka wakati wa picha.

Kufika huko kulikuwa na mambo yake. Bodaboda aliitwa, akashuka mpaka nilipo, nikapanda. Hatukwenda mbali. Kila shimo lilisikika ndani ya mfupa, nikamwambia, "Kaka, nishushe." Nikaupanda ule mlima kwa miguu, taratibu, yeye akinifuata nyuma na pikipiki kwa gia ya kwanza, akinipa pole kila kona. Nauli yake nilimlipa yote.

Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umekatika sehemu ya kati, ndiko mitulinga mingi hukatikia, na vipande vimepishana kidogo. Daktari alipima kwa rula juu ya picha. Vipande vikipandana zaidi ya sentimita 2 hivi, alisema, madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji wa kuweka chuma. Mimi nilikuwa chini ya hapo, kwa hiyo ni mkono kuning'inizwa, dawa za maumivu, na subira. Akanitajia mambo ya kunirudisha hospitali mbio bila kungoja tarehe: vidole kufa ganzi au kuwa vya baridi, ngozi ya juu ya mfupa kuvutika na kupauka, au pumzi kunipa shida.

Subira ndiyo iliyokuwa na wapinzani. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na jioni ile ile mjomba wangu alikuja na shauri lake: kuna fundi wa mifupa kijijini kwao, anakanda kwa mafuta na kuunga.

"Mpwa wangu, huyu ameunga watu miguu. Wewe una bega tu."

Kubishana na mjomba mbele ya mama ni kujitafutia kesi ya ukoo. Nilimwambia, "Sawa mjomba, lakini naomba tarehe yangu ya hospitali ikifika twende wote, uione picha kwanza." Akakubali. Siku hiyo daktari aliishika picha dirishani, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu: hapa pamevunjika, na hapa chini yake tu inapita mishipa mikubwa ya damu ya mkono, na hapa ndiyo ncha ya pafu. Ncha za mfupa ni kali. Mjomba aliitazama muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma.

"Kwa hiyo huyu hakandwi."

"Hakandwi, mzee wangu."

"Basi."

Kuanzia siku hiyo alikuwa mlinzi wangu. Waliokuja na chupa za mafuta aliwapokea yeye barazani, na mafuta yaliishia hapo hapo. Katika yote niliyofanya kuuguza bega hili, kumpeleka mjomba akaione ile picha ndilo ninalojivunia zaidi.

Usiku wa mwanzo ni wa kuukaa. Kulala chali siwezi, ubavu siwezi, kwa hiyo nililala nimeegemea ukuta na mto wa pamba chini ya kiwiko. Shati unaanza kuvaa na mkono mgonjwa, unavua na mkono mzima kwanza. Kuoga kwapa la upande huo unainama mbele, unauacha mkono uning'inie wenyewe, unapitisha maji. Mtaalamu wa mazoezi tiba, nilipofika kwake, aliniambia kwamba kule kuinama ndilo zoezi la kwanza ambalo angenipa: mkono unaning'inia, unauchezesha kama pendeli ya saa, miduara midogo. Viganja na kiwiko navyo vinyooshwe na kukunjwa kila siku, visije vikakauka. Kwake nilikwenda mara chache, nauli ni nauli. Mengine niliyafanyia nyumbani: kutambaza vidole ukutani mpaka vilipogota, na baadaye, aliporuhusu, kuvuta mpira. Mpira wenyewe ni tyubu kuukuu, nimeikata valvu na kuifunga kwenye nguzo ya mlango.

Sasa hapa ndipo penye jambo nililotaka kusema hasa. Maumivu yaliondoka mapema, mfupa ukiwa haujashika. Mwili hutangulia kuweka nyama laini ya kuunganisha vipande, na hiyo ikikaa vizuri huoni tena uchungu mkali. Ugumu wa mfupa unafuata nyuma, polepole. Kwa mtu mzima ni wiki 6 hadi 12, na kwa wavuta sigara huwa zaidi. Katikati hapo unacheka, unatembea, unakula, na kila mtu anakuona mzima. Wewe mwenyewe unajiona mzima. Na kwetu sisi kipindi hicho kiliangukia wakati mizani zinafunguliwa, magunia yanaanza kuingia ghalani, vibarua hawatoshi, na mtu mwenye mikono miwili anaitwa tu: "Karani, shika huku."

Nilipata njia. Daktari alikuwa ameniruhusu kuvua kitambaa nikiwa nyumbani. Nyumbani nikavua, kazini niliendelea kukivaa, wiki hadi wiki. Kwa matibabu sikukihitaji tena. Nilikivaa watu wakione. Mtu mwenye mkono shingoni hapewi gunia, hata mwenye haraka kiasi gani. Ningekuja mikono mitupu na kueleza habari za nyama laini na mfupa mgumu, nani angenisikiliza foleni ya wakulima ikiwa imefika barabarani? Mwenyekiti alinipa kalamu, mkono wangu wa kuandikia ni wa kulia, na magunia wakabeba wenye mabega.

Miguu nayo ilitaka kazi. Niliazima baiskeli ya mjomba, Phoenix ile ya chuma yenye stendi pana inayoliinua gurudumu la nyuma, nikaifunga kamba kwenye mkorosho wa uani na kuikaza breki kidogo ili pedali ziwe nzito. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kifuani. Watoto wa jirani walikuja kutazama kila jioni.

"Shikamoo. Unaenda wapi?"

"Tandahimba."

"Umefika?"

"Bado."

Mmoja alinishauri nishuke nisukume, pengine ningefika haraka.

Katika siku hizo rafiki yangu wa Mtwara alinitumia habari za Tom Pidcock, Mwingereza aliyevunjika mtulinga mwishoni mwa Mei 2021 na mwezi wa saba mwaka huo huo akachukua dhahabu ya baiskeli za milima kwenye Olimpiki ya Tokyo. Chini yake akaandika: "Unaona?" Niliona. Nikamjibu kwamba Pidcock alifanyiwa upasuaji, ana madaktari wa timu na kulala ni sehemu ya kazi yake; mimi nina kanga na mwenyekiti anayeniuliza jumla ya kilo. Habari zake zilinifurahisha, ratiba yake niliiacha Uingereza.

Picha ya pili ilionyesha mfupa umeshikana. Nikaruhusiwa barabara laini, na kwa kuwa mvua za Desemba zilikuwa zimeanza, sikuwa na hamu ya njia za udongo. Nilianza na lami, asubuhi, kabla ya malori. Bega lilichoka kabla ya miguu, jambo ambalo sikuwahi kulijua.

Mteremko niliuacha mpaka kiangazi. Niseme kweli, niliogopa, na sikuona sababu ya kuificha hofu hiyo. Agosti 2022 Sulaiman Kangangi, Mkenya aliyekuwa anatutia moyo wote huku Afrika Mashariki, alianguka kwenye mbio za njia za vumbi huko Vermont, Marekani, akafariki. Yule alikuwa bingwa anayejua kila kitu kuhusu baiskeli. Mimi ni nani nisiogope?

Kwa hiyo nilianza na fundi. Baiskeli za mtumba kutoka Ulaya mara nyingi breki ya mbele iko mkono wa kushoto, kinyume na zetu za hapa, na kushoto ndiko nilikokuwa dhaifu. Fundi alibadilisha waya kwa muda mfupi, breki ya mbele ikahamia kulia. Halafu nikashuka ule mteremko kwa miguu, nikiisukuma baiskeli, nikasimama kila kona kutazama mchanga umekaa wapi na jiwe lipi ni huru. Siku nyingine nikapanda baiskeli kipande cha chini tu, siku nyingine cha kati. Tairi nilizipunguza upepo mpaka zikakaa bapa kidogo, maana tairi ngumu kwenye mchanga inazama. Makalio nyuma, kidole kimoja kwenye breki, macho mbele ya mfereji na si ndani yake. Mikono ilichukua muda kukubali. Kulikuwa na kona moja ambayo vidole viliminya breki vyenyewe kabla sijawaza, nami niliviachia viminye, nikashuka, nikarudi juu, nikajaribu tena.

Mwaka uliofuata niliingia mashindano yale yale. Kwenye kushuka walinipita vijana wengi, wakipiga kelele, "Pole mzee!" Kwenye kupanda niliwarudia karibu wote; ile safari ya Tandahimba isiyofika ilikuwa imefanya kazi yake. Sikukaribia mbuzi. Mjomba alisema mbuzi mwenyewe alikuwa mdogo, na akataka kujua ni lini namrudishia breki yake ilivyokuwa.

Sasa naandaa pamoja na wenzangu. Tumekubaliana kila kona mbaya ya mteremko asimame mtu mwenye kanga begani na simu yenye salio, na tumepiga marufuku kumwinua aliyeanguka kwa kumvuta mkono. Yule bibi wa kuni nilimtafuta kumrudishia kanga yake na kilo mbili za sukari, nikamwomba aje awafundishe vijana kufunga. Alikuja, akadai soda, akamfunga kijana mmoja mbele yetu, akamfungua, akamwambia wa pili ajaribu. Wa pili aliweka fundo kwenye bega gonjwa. "Fungua," bibi akasema, "huyo umemuua," na wakaanza upya.