Mtahamia lini?

Leo siku ya sita, na swali la Shangazi bado linanizunguka kichwani. Alikuja Jumapili, kama nilivyowaambia kwamba angekuja. Akavua viatu mlangoni, akasimama katikati ya sebule na mkoba begani, akazungusha macho taratibu: ukuta, dirisha, godoro tunalokalia, balbu inayoning'inia kwenye waya. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Sasa mwanangu, mtahamia lini?"

Nikamjibu, "Hivi karibuni, Shangazi. Bado tunapangapanga."

Tuna wiki ya tano humu ndani.

Swali lake haliniumi. Shangazi hana baya na mtu, aliuliza alichokiona. Kinachoniuma ni jibu langu. Nikiosha vyombo nalisikia, nikizima taa nalisikia: hivi karibuni, Shangazi. Ningesema tu, "Tumeshahamia, karibu ukae." Maneno matatu, hayana gharama. Badala yake nimeikana nyumba yangu nikiwa nimesimama ndani yake, na mume wangu yuko pale pale anasikia. Hakusema kitu mpaka usiku. "Mbona hukumwambia?" Nikageukia ukutani.

Wiki hii nimethibitishwa kazini na Mama ameruhusiwa kutoka hospitali, nashukuru sana, ila kila nikikaa kuandika narudi kwenye ule mkoba. Hakuushusha begani muda wote. Nadhani hakuona pa kuuweka.

Na kuta zile alizozitazama nazijua shubiri kwa shubiri. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Kuta zetu, ukitoa mlango na dirisha, ni mita 31, kwa hiyo mikono miwili ilitaka lita 6 na ushee. Uwezo wetu ulikuwa lita 5. Tulikaa sakafuni na karatasi tukachagua kuta zipi zipakwe mara moja tu: ya nyuma ya kabati na ile ya mlangoni, kwa kuwa mgeni akishaingia anaipa mgongo. Pazia ni shuka, pindo nimelishona kwa mkono. Fimbo tumeifunga juu, karibu na dari, tukaiacha ipite dirisha huku na huku, ili kitambaa kikivutwa kikusanyike ukutani na mwanga wote uingie. Dirisha lile dogo sasa linaonekana dirisha la maana. Hayo yote nilikuwa nayo mdomoni Jumapili, nikayameza.

Jana nikamalizia kiti, kile tulichookota. Nilianza na msasa mkali. Ikatoka rangi ya kijani, chini yake kahawia, chini yake tena bluu hafifu, nikajiuliza kilishakaa katika nyumba ngapi. Mbao zilipotokea nikashika msasa laini, nikawa nafuata nyuzi zake, maana ukisugua kwa kukatisha unaacha mikwaruzo ambayo vanishi huikoleza. Nilipofuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, mistari ya mti ikajitokeza yote kwa pamoja, myeusi, imejipinda kuzunguka fundo moja karibu na mkono wa kiti. Nikabaki nimechuchumaa naitazama tu.

Leo kimekauka, nimekiweka dirishani. Mume wangu amerudi kazini, akaingia huku anaongea na simu, akaweka begi lake juu ya kiti bila kukitazama, akapita kwenda kunywa maji. Kama kwamba kiti kimekuwa pale miaka yote. Nilikuwa mlango wa jikoni na mikono imelowa, na sijui niwaelezeje furaha niliyoipata. Sikumwita. Nimeliacha begi pale pale.

Mdogo wangu hapokei simu tangu Jumanne. Ujumbe wa jana una tiki moja mpaka sasa. Nitampigia tena asubuhi kabla sijatoka.