Boti ya mpira na mashine ndogo: lipia ngozi kabla ya HP

Anayetaka boti ya mpira huuliza kwanza anunue mashine ya HP (nguvu za farasi) ngapi. Swali hilo lingesubiri. La kwanza ni boti italala wapi mchana, na la pili ni nani ataibeba maji yakipwa. Katika mwambao wetu jua ndilo linaloua boti nyingi za aina hii, na huziua zikiwa zimefungwa gatini au zimelazwa mchangani, wala si zikikimbia.

Tunazungumzia boti ya mita 2.4 hadi 3.3, ya kukufikisha kwenye jahazi au yoti iliyotia nanga, kwenda mwambani kuzamia, au kuvusha watu watatu na mizigo yao. Kazi ya kihori, kwa kifupi.

Maboya ya pembeni hutengenezwa kwa ngozi za aina mbili. PVC ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Ya pili ni mpira ambao wengi huuita Hypalon, ingawa kampuni ya DuPont, wenye jina hilo, waliacha kuutengeneza mwaka 2010. Siku hizi viwanda vingine hutoa mpira wa aina hiyohiyo kwa jina la CSM, kwa hiyo boti mpya inayotangazwa kuwa ya Hypalon ni ya CSM, na hakuna ubaya. PVC ina kilainishi ndani yake. Jua na joto hukitoa polepole, ngozi ikaanza kunata, kisha ikakakamaa na kupasuka mikunjoni. Petroli iliyomwagika na mafuta ya kujikinga na jua yaliyopakwa migongoni huharakisha uharibifu huo. Boti ya PVC inayoshinda nje kila siku ihesabie miaka minne au mitano. Ya CSM hufika kumi na kuendelea. Kama boti yako itakunjwa na kurudi stoo kila baada ya safari, PVC ya unene wa milimita 0.9 inatosha, asikutishe mtu. Kama itashinda juani, lipa tofauti ya bei, na bado mpe fundi cherehani akushonee turubai la kufunika maboya.

Kwa boti iliyotumika, muuzaji mwenyewe huenda hajui anauza nini. Lowesha kitambaa kwa asetoni kidogo, sugua mahali pasipoonekana: PVC huanza kunata, CSM hubaki kavu. Au sugua kwa msasa laini: CSM hutoa vumbi kama la kifutio cha penseli. Ni lazima ujue, kwa sababu gundi ya PVC haishiki CSM wala ya CSM haishiki PVC. Viraka vinavyobanduka baada ya wiki mbili mara nyingi chanzo chake ni hicho.

Sasa sakafu. Ya mbao nyembambanyembamba inayokunjwa pamoja na boti ni nyepesi, lakini hupinda chini ya miguu na boti haiwezi kupanda juu ya maji ikatereza, hata uifunge mashine gani. Ya vipande vya plaiwudi au alumini ni imara, ila kuifunga na kuifungua ni jasho tupu, na mchanga ukiingia kati ya kipande na boya hukwangua ngozi kutokea ndani. Ya kujaza upepo hupigwa hadi bar (kipimo cha msukumo wa hewa) 0.7 au 0.8, huwa ngumu kama ubao, na boti nzima ya mita 2.7 hubaki kwenye kilo 30 hivi. Hiyo ndiyo tungeichagua kwa mtu anayebeba mwenyewe. Yenye tumbo gumu la faiba au alumini haina mpinzani penye mawe ya matumbawe na chaza, ila haikunjiki kuingia kwenye gari, na ya faiba ya mita 3.1 yaweza kupita kilo 60 kabla hujaweka mashine. Fikiria ufukwe wa Paje au Jambiani, Unguja, siku ya bamvua, maji yamekwenda mbali hadi karibu na mwamba, na wewe una boti ya kilo 60 mchangani. Magurudumu ya kufunga tezini, yaani nyuma ya boti, si anasa huko.

Upepo wa maboya kwa boti nyingi ni bar 0.25, soma kibandiko chake. Hapa pana kosa la kila siku. Ukijaza asubuhi nyuzi 25, kisha jua likaipasha hewa ya ndani hadi nyuzi 50, kipimo hupanda hadi karibu bar 0.35, na gundi ya mishono ndiyo inayobeba mzigo huo. Boti ikiwekwa majini hewa hupoa na maboya hulegea kidogo, na mtu hudhani inavuja. Basi jaza ikiwa kivulini, iteremshe majini, ongeza kidogo, na ukiipandisha ufukweni kwa saa nyingi toa upepo kidogo kila chumba. Kujaza kwenyewe kwende kwa mzunguko: kila chumba nusu, kisha kila chumba hadi mwisho, na mkuku wa upepo, boya la chini katikati ya boti, umalizie. Ukijaza chumba kimoja hadi mwisho wakati jirani yake ni mtupu, kiambaza cha ndani kinachovitenganisha husukumwa upande mmoja na chaweza kuachia.

Ndipo tufike kwenye mashine. Kibandiko cha boti kinasema HP ya juu kabisa na uzito unaoruhusiwa. Hiyo ni mipaka, si mapendekezo. Mashine ya HP 2 hadi 3.5 itasukuma boti ya mita 2.7 kwa kilomita 7 au 8 kwa saa, na haitaiinua juu ya maji hata mkiwa na haraka. Kwa kutoka gatini hadi chomboni inatosha. HP 6 humwinua mtu mmoja. HP 8 hadi 10 huwainua wawili katika boti ya mita 3.1 yenye sakafu ngumu. Kati ya hapo ni kuchoma petroli tu na kusukuma wimbi.

Honda ya HP 2.3 ina uzito wa kama kilo 14 na hupozwa kwa hewa, haina pampu ya maji, kwa hiyo mchanga wa maji mafupi hauidhuru kwa njia hiyo. Kelele yake utaizoea au hutaizoea. Haina gia ya kurudi nyuma; unaigeuza mashine nzima. Ukipanda hadi HP 9.8 isiyochanganywa oili kwenye petroli unabeba kilo 37 hivi, na kuipitisha kutoka chomboni kwenda botini wakati wa mawimbi ni kazi ya watu wawili. Za kuchanganya oili ni nyepesi zaidi kwa nguvu ileile. Ulaya na Marekani zenye kabureta hazipo tena madukani, lakini huku kwetu Yamaha HP 15 ya namna hiyo ndiyo mashine ya wavuvi, na spea zake hupatikana palipo na boti za uvuvi. Hilo ni la kupimwa kuliko kilo mbili tatu. Mchanganyiko soma kwenye kitabu chake. Wa 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Mashine isiyochanganywa oili nayo ina masharti yake: ilazwe upande ulioandikwa tu, la sivyo oili huingia kwenye silinda.

Kabla ya kulipa, pima ubao wa tezi kutoka juu hadi chini ya boti. Sentimita 38 huchukua mashine ya mguu mfupi, 51 ya mguu mrefu. Kibapa kilicho juu ya propela kiwe sawa na chini ya boti au sentimita moja mbili chini yake. Kikikaa juu, propela huvuta hewa kila ukikata kona, mashine ikalia bure. Kikikaa chini sana, maji hurushwa ndani na mwendo hufa. Kaza skrubu za kushikia, zikague tena baada ya dakika kumi za kwanza, na funga kamba ya akiba kutoka kwenye mashine hadi kwenye pete ya boti.

Wakati wa kusi, boti nyepesi yenye mtu mmoja tezini huinuliwa omo (mbele) na upepo na yaweza kupinduka kinyumenyume. Weka tangi la lita 12 na nanga mbele, tumia mkono mrefu wa usukani ukae katikati, na kamba ya kuzimia mashine ifungwe mguuni, si kuning'inia tu.

Ukirudi, pitisha maji baridi, yasiyo ya chumvi, dakika tano hadi kumi, funga petroli uiache izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Mchirizi wa maji unaotoka kwenye mashine ukidhoofu, huenda impela, yaani kigurudumu cha pampu ya maji, imeliwa na mchanga. Oili ya gia ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Kiraka kina adabu zake: CSM ipigwe msasa, PVC isafishwe kwa asetoni, gundi ya kuchanganya sehemu mbili ipakwe nyembamba mara mbili au tatu, kila safu ikauke hadi isinate kidoleni, kisha bandika ukisukuma kutoka katikati kwenda kingoni. Usibandike siku za masika, maana unyevu wa hewa huidhoofisha gundi. Ngoja adhuhuri kavu, kivulini, na usijaze upepo kabla ya saa 24. Ubao wa tezi ukianza kubanduka kwenye maboya, kiraka hakisaidii, mpelekee fundi.