Faili la Aliyekudhulumu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili Neno limenikuta ofisini. Wengi wenu mnajua kwamba nafanya kazi upande wa ardhi katika halmashauri. Katika rundo la maombi ya hati nikakuta jina ninalolijua tangu utotoni, la mtu wa ukoo wetu. Baba alipofariki, ndiye aliyesimama kwenye kikao cha ukoo akatamka kwamba mama hana chake pale. Shamba likaondoka. Tulilelewa kwa maandazi na vibarua. Sasa ana kiwanja chake kingine, halali kabisa, na kinachomzuia kupata hati ni sahihi ya mtoto wa yule mjane. Karatasi zake zilikuwa kamili. Kasoro haikuwepo, na wapendwa, nilitamani iwepo.

Katika hali hiyo nikamkumbuka mtu mmoja ambaye habari zake nilizisoma zamani, Blanche Bruce. Alizaliwa mtumwa mwaka 1841 karibu na Farmville, Virginia, huko Marekani. Mama yake, Polly, alikuwa mtumwa. Anayetajwa kuwa baba yake ni Pettis Perkinson, bwana mwenye kummiliki mama huyo pamoja na watoto wake. Hebu kaa na jambo hilo kidogo: baba ndiye mmiliki. Bruce alijifunza kusoma pamoja na mtoto wa bwana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuja akatorokea Kansas, akafundisha watoto, akabeba mizigo ya abiria kwenye meli za mtoni, na mwaka 1869 akaingia jimbo la Mississippi.

Huko akapata kazi katika kaunti ya Bolivar, eneo la mashamba ya pamba kando ya mto mkubwa. Mwaka 1871 akawa sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti. Na kwa taratibu za Mississippi ya wakati ule, sherifu ndiye alikuwa mkusanya kodi. Wakampa na elimu ya kaunti nzima aisimamie.

Wapendwa, mnaona kilichotokea? Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865 tu. Watu waliokuwa wakinunua na kuuza binadamu bado walikuwa kwenye mashamba yao, na sasa wanatakiwa kupeleka kodi kwa mtu aliyezaliwa mtumwa. Daftari liko mkononi mwake. Angeweza kumwongezea huyu, kumsumbua yule, kumwambia wa tatu kwamba risiti yake haionekani. Yohana Mbatizaji aliwaambia watoza ushuru maneno machache tu: "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Tunalisoma andiko hilo kama onyo kwa wenye tamaa ya fedha. Mimi juma hili nimeliona ni onyo pia kwa wenye majeraha.

Bruce alifanya kazi yake hadi weusi na wazungu wa kaunti ile wakamwamini. Shule alizozisimamia zikahesabika miongoni mwa bora katika jimbo. Zilikuwa zimetenganishwa kwa rangi, ndiyo, maana hakuweza kubomoa kila ukuta, lakini fedha ziligawanywa kwa usawa, na watoto wa waliokuwa mabwana walipata haki yao sawa na watoto wa waliokuwa watumwa. Simpambi awe malaika. Baadaye naye alinunua mashamba makubwa ya pamba akawa tajiri, na wapo wanaomlaumu kwamba alijitenga na maskini. Mungu amhukumu kwa hayo. Mimi namtazama mezani pake.

Daudi alipomkuta Sauli pangoni hakumwua. Sote tunalihubiri hilo kwa sauti kubwa. Lakini alimkata upindo wa vazi, kwa siri, na Biblia inasema moyo wake ukamchoma. Ndugu zangu, sisi wa ofisini hatuui mtu. Sisi tunakata pindo! "Mfumo uko chini." "Mwenye ufunguo hayupo." "Acha namba yako, tutakupigia." Mtu anarudi mara ya pili, anarudi mara ya tatu, nauli inamwishia, na sisi Jumapili tunainua mikono tukisema hatuna kinyongo na mtu. Hatujamtukana wala hatujamgusa. Tumemchelewesha tu. Nesi anayeijua sura ya yule aliyemwibia mume, huyo mama akija na mtoto mwenye homa, anapangwa wa ngapi? Mwalimu, mtoto wa jirani uliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, unamsahihishia vipi? Mwenyekiti wa kitongoji, barua ya utambulisho ya yule asiyekupigia kura iko wapi? Iko kwenye droo. Unajua iko kwenye droo.

Nawaambia kwa upendo lakini bila kupepesa macho: kinyongo cha mtumishi wa umma ni wizi. Sahihi ile si yako. Muhuri si wako. Umeazimwa na wananchi, na Mungu ameruhusu uketi hapo. "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu." Ipisheni! Wewe umekaa njiani, umeziba, Mungu apite wapi? Yusufu, aliyekuwa na ghala la nchi nzima mkononi, aliwauliza ndugu zake, "Je! Mimi ni badala ya Mungu?" Na tusisahau kwamba huyo huyo Yusufu alikuwa amewaweka kifungoni siku tatu kwanza. Hata kwake kusamehe hakukushuka kama maji. Kwa hiyo kama moyo wako bado unauma wakati mkono unaandika, andika. Mungu atashughulika na moyo. Mwenzako aende na karatasi yake.

Faili lile nililipitisha siku hiyo hiyo. Jioni nikampigia mama. Akanyamaza, kisha akasema, "Umefanya vyema, mwanangu. Akija hapa na mimi nitampa chai. Kikombe cha wageni tu ndicho sitatoa." Nilicheka mpaka machozi. Mama zetu hawa wanamjua Mungu kuliko sisi, na Mungu anawajua na vikombe vyao.

Ila asitokee mtu akatumia maneno haya kuwaambia wajane wanyamaze. Mtu akikudai haki yake usimwambie asamehe. Bruce aliapishwa kuwa seneta wa Mississippi mwezi Machi 1875. Kwa desturi, seneta mwenzake wa jimbo moja ndiye humsindikiza mpya hadi mbele. Seneta yule, James Alcorn, hakuinuka. Bruce akaanza kutembea peke yake, ndipo Roscoe Conkling wa New York akamwendea, akampa mkono wakaenda pamoja. Mwaka uliofuata Bruce alisimama ndani ya Seneti akataka uchunguzi wa uchaguzi wa Mississippi wa 1875, ambamo weusi walikuwa wametishwa na kuuawa ili wasipige kura. Benki ya watumwa walioachwa huru ilipokuwa imeanguka na kuzamisha akiba za maskini, aliongoza kamati ya kuchunguza fedha zao zilikwendaje. Aliyewatoza mabwana kwa haki hakuwa bubu.

Mwaka 1878 alimwoa Josephine Willson, binti wa daktari wa meno wa Cleveland. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Roscoe Conkling Bruce. Nimelitafakari jina hilo sana. Kila jioni baba alipomwita mtoto wake, alimkumbuka aliyempa mkono, si aliyebaki kitini. Nyumbani kwetu ni majina gani yanatajwa mezani wakati wa chakula? Watoto wangu wanamjua kwa jina aliyetunyang'anya shamba. Yule jirani aliyetupa chumba msimu ule wa mvua, hawamjui. Nimeanza kuwasimulia.

Roscoe yule mtoto alisoma Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanawe alipotaka kwenda huko, rais wa chuo akakataza kijana mweusi kulala bwenini pamoja na wazungu. Baba mtu akaandika barua kupinga, na mwaka 1923 wasimamizi wa chuo wakaibatilisha amri ile. Kizazi cha tatu, na bado mtu anafungiwa mlango.

Basi juma hili tuombeane. Wenye mafaili kwenye droo, Jumatatu asubuhi yatoeni kabla ya chai. Wenye kusubiri sahihi ya mtu anayewachukia, niandikieni kwa faragha, tutayapeleka majina yenu kwenye maombi ya Jumatano. Na mwombeeni mama yangu, goti linamsumbua.