Njia itelemkayo kwenda Gaza

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nilimleta mama Dar kwa ajili ya mionzi, tumetoka Same alfajiri, basi likatufia Segera, masaa manne tuko pembeni ya barabara na mama mwenyewe hawezi kukaa muda mrefu, nikanung'unika kama wana wa Israeli jangwani, nikamwambia Mungu kabisa hii sasa imezidi. Tukafika usiku. Kesho yake mionzi akapata.

Sasa neno lililonikaba ni Matendo 8:26, Filipo anaambiwa ashike njia itelemkayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza. Hiyo njia ni kama kilomita 80 tu jamani, haifiki hata Same mpaka Moshi. Ila Gaza mionzi hakuna. Mgonjwa wa kansa alikuwa anatumwa Augusta Victoria, hospitali ya Walutheri pale Mlima wa Mizeituni, yaani ndugu zetu kabisa sisi KKKT, na ili afike ilikuwa lazima Israel impe kibali apite Erez, geti la mpakani kati ya Gaza na Israel. Ndo maisha yao tangu 2007 walipozingirwa, watu zaidi ya milioni mbili kwenye kipande cha urefu wa kilomita 41. Kibali kikichelewa tarehe ya matibabu inapita, unaomba upya, ugonjwa wenyewe hausubiri. Na kuna watoto walisindikizwa na bibi zao maana mama kanyimwa, baba kanyimwa. Hebu kaa hapo kidogo wewe mzazi. Mwanao anaingia kwenye mashine, anakulilia, na wewe uko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari na huwezi kwenda! Mimi nililalamikia rejeta ya basi.

Oktoba 2023 vita ilipoanza Erez ikafungwa, Mei 2024 na Rafah ya kwenda Misri nayo ikafungwa.

Najua wapo watakaosema ni usalama, na yale mauaji na kuteka watu waliyofanya Hamas kule Israel Oktoba 7 mwaka huo ni uovu, sitetei. Lakini wiki hii mpendwa mmoja kaniambia "Gaza ni Wafilisti wale wa Samsoni, waache." Nimeumia. Sisi tunaokwenda hija, tunapiga picha Mlima wa Mizeituni tunarudi na chupa za maji ya Yordani, hatujui kama Gaza kuna Wakristo, kuna kanisa la Mtakatifu Porfirio, na hao walikuwa wanaomba kibali kwenda Bethlehemu Krismasi na wengine wananyimwa. Na hata wasingekuwa Wakristo! Waebrania 13:3 inasema wakumbukeni waliofungwa kana kwamba mmefungwa pamoja nao, haijasema kwanza uliza dini. Tubuni, nami nimo.

Nilimsimulia mama haya jana jioni. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na huyo bibi, akirudi nyumbani anawaambia nini wazazi wa mtoto?" Sikuwa na jibu. Akaanza kuwaombea kwa Kipare, akaomba mpaka chai ikapoa.